Chujio la barua taka: kuliweka, kulifundisha na kulitibu likigoma

Mama mmoja anayeleta vipuri vya magari kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, aliingia kibandani kwangu, Kamalondo, Lubumbashi, akaitua laptopu yake juu ya mashine ya fotokopi, akasema: "Fundi, mashini yangu iko nakula mabarua." Alikuwa amengoja proforma, yaani ankara ya awali, wiki tatu. Muuzaji anaapa aliituma siku ile ile waliyosemezana. Ndani ya laptopu haimo. Kilichomo ni barua za watu asiowajua: mjane wa jenerali mwenye sanduku la dhahabu, benki ambayo yeye hana akaunti nayo, kazi ya mgodini yenye mshahara wa kutisha ilimradi utangulize pesa za "dosie".

Proforma tuliikuta. Ilikuwa imelala kwenye folda ya Spam ya Gmail, upande wa seva (kompyuta ya Google inayotunza barua), mahali ambapo programu yake haikuwahi kuchungulia hata mara moja. Gmail hufuta yenyewe kilichomo humo baada ya siku 30. Angechelewa wiki nyingine mbili, tungekuta patupu.

Zamani nikimwekea mtu chujio, nilijisifu kwa idadi ya taka lilizozuia. Sasa naanza na swali jingine: limetupa nini ambacho halikupaswa kutupa? Ukichambua maharage usiku wa delestaji (mgawo wa umeme), jiwe lililokuponyoka utalikuta jinoni na utalitema. Maharage uliyoyatupa pamoja na mawe huyaoni tena. Ndiyo maana mwongozo huu utatumia muda mwingi kwenye barua njema kuliko kwenye mbaya.

Nitatumia Thunderbird. Ni programu ya bure ya Mozilla ya kusomea barua pepe, inakubali Windows, Linux na Mac, na ina chujio lake lenyewe linalojifunza. Majina ya vitufe nitayaandika kwa Kifaransa, kwa sababu mashine nyingi ninazoletewa zimewekwa kwa Kifaransa. Kama unasomea barua zako ndani ya Chrome au Firefox tu, ruka yanayohusu vitufe vya Thunderbird, mengine yanakuhusu.

Machujio ni mawili

Watu wengi hudhani lipo moja, na hapo ndipo wanapoanza kupotea.

La kwanza liko kwenye seva: kwa Google, kwa Yahoo, kwa Microsoft. Linafanya kazi barua ikiwa bado haijafika kwako, na wewe ukiwa umelala au umeme umekatika. Linaangalia seva iliyotuma, linauliza kama seva ile ina ruhusa ya kutuma kwa jina hilo (ukaguzi huo una majina matatu utakayoyaona baadaye: SPF, DKIM na DMARC), kisha linalinganisha na malalamiko ya mamilioni ya watu wengine.

La pili liko ndani ya mashine yako. Hili halijui mamilioni ya watu, linakujua wewe. Linahesabu maneno. Kila barua unayoiita taka, maneno yake yanaandikwa upande mmoja. Kila unayoiita njema, yanaandikwa upande wa pili. Barua mpya ikija, linapima maneno yake yameegemea wapi. Hesabu yenyewe ina jina la Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761, lakini iliingia kwa kishindo kwenye barua pepe mwaka 2002, mtaalamu wa programu Paul Graham alipoeleza jinsi ya kuitumia dhidi ya taka.

Kwa sisi wa Lubumbashi hilo la pili lina thamani ya pekee. Fikiria maneno haya: kobalti, kontena, komisheni, Dubai, malipo ya awali. Machoni pa mtu wa Ulaya, barua yenye maneno hayo matano inanuka utapeli. Kwa deklara wa forodha wa hapa ni barua ya Jumatatu asubuhi. Tena tunaandika kwa kuchanganya, "Bonjour Papa, facture nimeituma, unijibu leo", Kifaransa na Kiswahili ndani ya mstari mmoja. Linaloweza kuzoea lugha hiyo ni lile linalosoma barua zako mwenyewe kila siku.

Kabla ya yote: POP au IMAP?

POP na IMAP ni njia mbili ambazo programu hutumia kuchukua barua kwenye seva. Fungua Thunderbird, nenda kwenye "Paramètres des comptes", bofya akaunti yako halafu sehemu ya seva. Ukiona POP, umekuta ugonjwa wa yule mama. POP huleta kisanduku cha kupokelea peke yake. Folda ya taka ya seva hailetwi, kwa hiyo barua njema iliyoangukia kule, kwako ni kama haikutumwa. IMAP inakuonyesha folda zote kama zilivyo kwenye seva, taka zikiwemo.

Akaunti ya POP haigeuzwi kuwa IMAP. Unaongeza akaunti upya. Anwani ni ile ile, unachagua IMAP. Kwa Gmail seva ni imap.gmail.com, mlango (port) 993, usalama SSL/TLS. Litafunguka dirisha la Google lenyewe likuombe uingie na ukubali. Usishangae; Google haikubali tena neno la siri la kawaida kutoka kwa programu za barua. Wenye programu ya zamani isiyojua dirisha hilo, kwanza wanawasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yao ya Google, kisha wanatengeneza neno la siri la programu lenye herufi 16. Ile akaunti ya POP usiifute haraka. Barua zilizoteremshwa huko zamani huenda hazipo tena kwenye seva, zinaishi kwenye diski yako tu. Zinakili kwanza.

Tahadhari ya mega (data ya intaneti): IMAP siku ya kwanza ina njaa. Itataka kuteremsha kila folda. Mara tu akaunti inapoongezwa, ingia kwenye mipangilio yake ya usawazishaji, uchague folda za kuhifadhiwa kwenye mashine, na uondoe alama kwenye Spam na kwenye "Tous les messages", ambayo ndani ya Gmail inarudia barua zote kwa mara ya pili. Acha kisanduku cha kupokelea na zilizotumwa. Folda ulizoondoa bado utaziona na kuzifungua ukiwa na mtandao. Nimeona mtu akimaliza forfeti (kifurushi cha data) ya wiki kwa saa moja kwa kukosa kuondoa alama hizo mbili.

Kuliwasha

Hapa ni pafupi. Ndani ya "Paramètres des comptes", chini ya jina la akaunti, kuna "Paramètres des indésirables". Weka alama ya kwanza kabisa, ile inayowasha chujio la kujifunza kwa akaunti hiyo. Una akaunti tatu? Rudia mara tatu. Kila moja ina mlango wake.

Chini yake kuna orodha ya madaftari ya anwani. Daftari lenye alama maana yake ni kwamba mtu aliyemo humo hatahukumiwa kamwe. Weka alama kwenye "Adresses personnelles". Kwenye "Adresses collectées" usiweke, na sababu utaiona kwenye magonjwa.

Kisha chagua taka ziende wapi. Kwa Gmail elekeza kwenye folda ya Spam ya akaunti ile ile, si kwenye folda ya mashine. Ukifanya hivyo, kila barua unayoisukumia taka inahamia Spam upande wa Google pia, na lile chujio la kwanza nalo linapata somo. Ukielekeza kwenye folda ya mashine, unafundisha mmoja na kumwacha mwenzake gizani.

Chaguo la kufuta taka zenyewe baada ya siku kadhaa liache limezimwa kwa miezi miwili ya kwanza. Chujio jipya ni kama mtoto wa shule: linakosea, na makosa yake yanatakiwa yaonekane.

Kulifundisha

Chujio lililowashwa bila kufundishwa halijui kitu. Watu huliwasha, wanangoja siku tatu, wanasema halifanyi kazi, wanalizima. Tenga jioni moja yenye umeme.

Fungua kisanduku cha kupokelea. Chagua taka zote unazoziona, ukishikilia Ctrl na kubofya moja moja, kisha bonyeza herufi J. Hiyo ndiyo njia ya mkato ya kusema "taka". Zitaondoka zote, mradi kwenye mipangilio ya jumla, "Vie privée et sécurité", sehemu ya taka, umewasha chaguo la kuhamisha barua unazoziita taka mwenyewe.

Sasa fanya jambo ambalo karibu kila mteja wangu hakulifanya: chagua barua njema, nyingi, za aina zote unazopokea, na ubonyeze Shift na J kwa pamoja. Unaliambia kwamba hizi si taka. Skrini haitaonyesha mabadiliko yoyote ya kufurahisha, na ndiyo sababu watu hawaifanyi. Lakini chujio linapima pande mbili. Lililoonyeshwa mawe tu bila maharage litaanza kuona mawe kila mahali. Chukua barua za deklara, za shule ya watoto, za shangazi aliye Ubelgiji, risiti, mialiko. Mimi huanza na zisizopungua hamsini kwa kila upande. Si sheria ya programu, ni uzoefu wa kibandani tu. Usisahau barua njema zinazofanana na taka, kama tangazo la duka ambalo kweli ulijiandikisha. Hizo ndizo zinazolifundisha kutofautisha.

Kwa wiki mbili zinazofuata, fungua folda ya taka kila siku, dakika mbili tu. Barua njema ukiikuta humo, Shift na J. Itarudi kwenye kisanduku. Kama haikurudi, ivute kwa mkono. Kuivuta peke yake bila kubonyeza si somo lililo wazi, kwa hiyo bonyeza kwanza.

Anayetumia Gmail ndani ya kivinjari afanye hayo hayo kwa vitufe vya Google: "Signaler comme spam" kwa taka, na ndani ya folda ya Spam kitufe cha "Non-spam". Usifute taka kwa pipa. Kufuta hakufundishi mtu.

Sheria za mkono, kwa watu usiotaka kuwapoteza

Wapo watu wachache ambao barua zao hazipaswi kubahatisha: muuzaji, deklara, ofisi ya masomo, mwajiri. Hao usiwaachie hesabu za maneno.

Kwenye Gmail, bofya gurudumu la mipangilio, kisha "Voir tous les paramètres", kisha "Filtres et adresses bloquées", kisha uunde kichujio kipya. Kwenye nafasi ya mtumaji andika anwani nzima, au sehemu inayoanza na alama ya @ kama kampuni ina wafanyakazi wengi. Endelea, weka alama kwenye "Ne jamais envoyer dans le dossier Spam", maliza. Yule mama tulimfanyia watumaji wanne. Usiandike @gmail.com hapo, utakuwa umefungulia lango nusu ya matapeli wa dunia.

Kwenye Thunderbird njia ni "Outils", halafu "Filtres de messages". Humo unaweza kuamuru barua ya mtumaji fulani ipewe hali ya "si taka". Mpango wa kawaida wa programu ni kuendesha sheria zako kabla ya chujio la maneno, kwa hiyo neno lako linatangulia. Ila kuna mtego. Mteja mmoja alitengeneza sheria: barua yoyote yenye neno "facture" iende kwenye folda ya Factures. Matapeli nao huandika facture, pengine kuliko wafanyabiashara wenyewe. Zao zikapangwa vizuri kabisa katikati ya zile za kweli, zikapata heshima isiyo yao. Sheria ifungwe kwenye anwani, si kwenye neno.

Likigoma

Taka zinabaki kwenye kisanduku. Angalia kwanza kama alama ya kuwasha ipo kwa akaunti hiyo. Ipo? Basi angalia daftari la "Adresses collectées". Thunderbird humwingiza humo mtu yeyote uliyemwandikia. Ukimjibu tapeli hata mara moja, hata kumwambia "niache", amekuwa rafiki yako daftarini, na kama daftari hilo lina alama, barua zake zinapita bila kuguswa. Mfute humo, ondoa alama.

Taka inatoka kwa anwani yako mwenyewe. Hii huwatia watu hofu, hasa barua inaposema "nimeingia kwenye mashine yako, nilipe". Jina la mtumaji huandikwa kama jina nyuma ya bahasha. Mtu anaweza kuandika lolote. Kwenye Gmail fungua barua, bofya nukta tatu, kisha "Afficher l'original". Juu utaona SPF, DKIM na DMARC na matokeo yake. Zikionyesha FAIL, jina limeghushiwa. Hata kama umejiandika mwenyewe kwenye daftari la anwani, kwa kawaida Thunderbird haiipi anwani yako mwenyewe msamaha wa daftari. Ibonyeze J kama taka nyingine.

Kila kitu kinageuka taka, hata barua za nyumbani. Mara nyingi ni kidole. J ni herufi moja tu, haina Ctrl wala kitu kingine. Mtoto akichezea kibodi huku kisanduku kiko wazi, anafundisha chujio upumbavu. Kama ni barua chache, zirudishe kwa Shift na J. Kama ni mamia, ingia mipangilio ya jumla, "Vie privée et sécurité", sehemu ya taka, utakuta kitufe cha kufuta yote iliyojifunza. Bonyeza, uanze shule upya. Inauma, ila ni haraka kuliko kubishana nalo.

Unabonyeza J, barua haiendi popote. Angalia kwanza kama lile chaguo la kuhamisha, ndani ya "Vie privée et sécurité", limewashwa. Kisha rudi kwenye "Paramètres des indésirables" uone folda lengwa. Mara kwa mara nakuta inaelekea kwenye akaunti ya zamani iliyofutwa. Ielekeze upya.

Kisanduku kizima kimetoweka asubuhi moja. Kabla ya kulia, fungua antivirusi, sehemu ya karantini. Kwa kawaida Thunderbird huweka barua zote za folda ndani ya faili moja. Antivirusi ikikuta kiambatisho kimoja kichafu, inaweza kubeba faili lote, yaani miaka yako yote ya barua. Lirudishe, ufute barua ile yenye ugonjwa, kisha bofya folda kwa kitufe cha kulia na uchague "Compacter", kwa sababu barua iliyofutwa hubaki ndani ya faili mpaka libanwe. Halafu iambie antivirusi isiguse folda la Thunderbird.

Barua hazishuki kabisa, programu inalalamika kuhusu cheti. Angalia tarehe pembeni mwa skrini. Mashine ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatika, na kwetu umeme unakatika. Vyeti vya usalama vina tarehe. Mashine iliyo mwaka 2009 inaviona vyote kuwa vya uongo. Sahihisha saa, kisha ubadilishe betri. Ni kile kidonge bapa kinachoandikwa CR2032 kwenye kompyuta nyingi za mezani.

Wengine wanakwambia barua zao kwako zinarudi. Gmail inakupa GB 15, na zinagawanywa na picha na mafaili yako ya Google. Taka na pipa navyo vinahesabiwa humo. Mwaga vyote viwili, baada ya kuvipitia.

Marafiki wanasema unawatumia taka, na ukikagua, kweli zimetoka kwako: zimo kwenye folda ya zilizotumwa. Hapo chujio halina kosa, umeibiwa neno la siri. Libadilishe, washa hatua mbili, kisha ufanye jambo ambalo wengi wanalisahau: ingia "Filtres et adresses bloquées" na "Transfert et POP/IMAP" utafute sheria usiyoiandika wewe. Mwizi hupenda kuacha moja nyuma, inayompelekea nakala za barua zako au inayofuta majibu usiyaone. Neno la siri jipya haliiondoi.

Kuhusu picha ndani ya barua usiyomjua mwenyewe: Thunderbird huzizuia za mbali kwa kawaida, na kitufe cha kuzionyesha kiko juu ya barua. Kiache. Picha ile ikishateremka, seva ya mtumaji inajua kwamba anwani yako ina mtu hai anayesoma.

La mwisho linahusu siku ya kuformati. Kila ulichokifundisha chujio kimo ndani ya faili moja linaloitwa training.dat, katika folda la wasifu wako. Utalipata kupitia menyu ya "Aide", kwenye taarifa za matatizo, ambapo kuna kitufe cha kufungua folda hilo. Funga programu, nakili faili kwenye flashi, na baada ya kuweka Windows upya lirudishe mahali pale pale. Mimi nililisahau mara moja, kwa mteja aliyekuwa amelifundisha mwaka mzima. Jumamosi yangu yote ikaishia Katuba, sebuleni kwake, nikibonyeza Shift na J huku yeye akinionyesha kwa kidole nani ni nani.